Fimbo ya Gia

Mume wangu aliuza pikipiki yangu Jumatano asubuhi, mimi nikiwa nimeinamia cherehani ya watu, bisibisi mdomoni. Yeye anasema hakuuza, alibadilisha. Wee! Kama umechukua kitu changu bila kuniuliza na sasa hakipo nyumbani, hayo maneno ya kupamba kayapeleke kwingine.

Mimi ni fundi wa vyerehani. Si mshonaji, ukiniletea kitambaa nakurudisha nacho. Cherehani ikikata uzi, ikiruka mishono au ikigoma kabisa, ndipo ninapoitwa. Vyuo vya ushonaji, karakana za sare, washonaji wa vibarazani, wote nawafuata na sanduku langu la vifaa nimelifunga nyuma ya kiti. Bila pikipiki sina kazi, na hilo kila mtu nyumbani analijua. Mtaani wananiita Mama Sindano, na sijidanganyi kwamba ni kwa sababu ya kazi tu. Nina hasira za karibu. Nimejaribu kuziacha, zimenikatalia.

Sasa nikwambie jambo ambalo mume wangu hakulijua. Mguu wangu wa kushoto, kuanzia chini ya goti, hausikii. Nilikuwa na miaka mitano nilipodungwa sindano ya homa mahali pasipostahili, ikagusa mshipa wa fahamu, basi. Ndiyo, sindano iliniharibu mguu na sindano inanilisha, cheka ukimaliza tuendelee. Mguu upo. Unasimama, unatembea kwa kuchechemea kidogo, lakini ukinikanyaga sijui mpaka nikuone kwa macho. Na pedali ya gia, kwenye pikipiki za watu wote, iko kushoto. Wenzangu wanaitafuta kwa mguu huku wakiangalia barabara. Mimi ingenibidi niiname kuangalia mguu wangu uko wapi, na barabara ijiangalie yenyewe.

Kaka yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mchomeleaji. Hakunipa pole hata moja. Alijifungia uani siku mbili na mashine yake, akaunganisha fimbo ya chuma kutoka kwenye gia kule kushoto, akaipitisha chini ya tangi, ikaja kutokea karibu na goti langu la kulia. Kichwani akaipachika kishikio cha mti cha cherehani ya mkono iliyokufa. Mkono wa kushoto unabana klachi, wa kulia unaachia mafuta na kuisukuma fimbo mbele au kuivuta nyuma. Mara ya kwanza kuiendesha nilizunguka mtaa mara saba, kaka ananikimbiza akinipigia kelele nirudishe pikipiki yake. Sikuirudisha. Mwaka uliofuata aliugua akafa, ikabaki kwangu.

Utaniuliza, inakuwaje mtu alale na wewe miaka kumi na mmoja asijue? Anaweza, ukimzuia. Sipendi kuguswa mguu. Maji ya kuoga nayapima kwa mkono, viatu navikung'uta kabla ya kuvaa, na kila usiku nakagua unyayo nikiwa peke yangu bafuni. Kuchechemea alikuona siku ya kwanza. Nilimwambia nilivunjika utotoni nikapona. Alipouliza mara ya pili nilimpa jibu lililomfanya aangalie ukuta. Hakuuliza ya tatu. Fimbo nayo aliiulizia alipokuja kuniposa, nami nikamwambia pedali ilivunjika, kipuri kikakosekana, kaka akaweka kiraka. Nilikuwa na miaka ishirini na nne na kijana mzuri yuko sebuleni kwetu amevaa shati la kupiga pasi. Ungenitaka nimwambie nini?

Na yeye ni mpaka rangi wa majumba. Kiraka kinamkosesha usingizi. Akiona ukuta una ufa haupaki mpaka aukwangue na kuujaza na kuusugua. Tangu siku ile aliniahidi kwamba atakuja kuninunulia pikipiki isiyo na kiraka. Nilicheka. Ndiyo kosa langu la kwanza katika habari hii, na nitalisema, ingawa yeye ana yake makubwa zaidi.

Ukweli usemwe, pikipiki ilikuwa imechoka. Kila asubuhi niliipiga teke mara ishirini ndipo inakohoa, na watoto wa jirani walikuwa wakihesabu kwa sauti. Ilivuja mafuta. Ilitoa moshi ambao ukipita mtu ananyanyua kanga yake kwenye kamba na kwenda kuifua upya. Wiki iliyotangulia ilinizimikia mlimani siku ambayo chuo kimoja cha wasichana kilikuwa na mtihani, vyerehani arobaini vinanisubiri. Nilifika nimechelewa kwa saa mbili, jasho hadi kwenye viatu. Mkuu wa chuo hakunifokea. Aliniambia kwa upole kwamba likitokea tena, atatafuta fundi mwingine. Afadhali angenifokea.

Nilipofika nyumbani nikafanya ujinga wa kusimulia. Baba watoto akasema imetosha, tununue mpya. Nikasema hapana. Akauliza kwa nini. Nikasema kwa sababu nimesema. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye na ambaye kwa kawaida hajiingizi, akasema mwanangu, marehemu hataudhika ukiiacha. Hapo ndipo nilipojua wote wawili wanafikiri namlilia kaka. Nikaona wacha wafikiri hivyo. Nikawaambia mazungumzo yameisha, nikaondoka mezani.

Jumatano ile mume wangu akasema nimwachie pikipiki, niende kazini kwa basi, yeye ataipeleka ibadilishwe mnyororo. Nilimshukuru. Nilimtilia hata chai ya pili. Kila nikikumbuka ile chai natamani kuirudisha kwenye birika.

Niliporudi, saa nane mchana, jua kali, nikakuta geti liko wazi na uani kuna pikipiki nyekundu, kiti bado kina nailoni. Mume wangu amesimama pembeni yake, mikono ina rangi nyeupe mpaka kwenye viwiko, anacheka peke yake. Mama mkwe ameketi kwenye kigoda. Binti yetu, ana miaka tisa, anaruka kwa mguu mmoja kuizunguka. Nikauliza yangu iko wapi. Akasema iko dukani kwa muuzaji, ameipokea ya zamani, yeye akaongezea akiba yake ya kupaka rangi shule moja, na mpya ni hii hapa, yangu, haina kiraka hata kimoja.

Damu ilinipanda mpaka masikio yakaziba. Nilimwambia maneno mengi ambayo sitayarudia kwa sababu mama yake alikuwepo, na yeye aliyasikia yote. Nilimuuliza nani alimpa ruhusa. Nilimuuliza kama mimi nimewahi kuamka nikauza ngazi yake ya kupakia rangi. Tabasamu likamtoka kidogokidogo. Akasema nilifikiri utafurahi. Na lililoniuma zaidi ni kwamba nilijua anasema kweli.

Hapo ilikuwa nafasi yangu. Sentensi moja tu, mguu wangu hausikii, ingemaliza kila kitu. Mama mkwe akasema kwa sauti ndogo, basi mwanangu, hebu ijaribu tu. Wote watatu wakanitazama. Mimi, kichwa kigumu, nikaona bora nife juu ya pikipiki kuliko kufungua mdomo. Nikapanda.

Ilikuwa inawaka kwa kubonyeza kitufe. Haikukohoa. Niliinamia mguu wa kushoto kwa macho, nikauweka juu ya pedali, nikakandamiza, gia ikaingia, nikatoka getini nimenyoosha mgongo. Binti yangu akapiga makofi. Nilifika nusu ya mtaa injini ikaanza kulia, inataka gia ya pili. Nikakandamiza. Hakuna kitu. Mguu ulikuwa umeshateleza zamani na mimi sina habari. Nikainama kuutafuta, na nilipoinua kichwa lundo la matofali la jirani lilikuwa limenifikia. Nilianguka upande wa kushoto, pikipiki juu yangu.

Mume wangu alifika mbio, akaiinua. Nikajikung'uta, nikasema breki zake ni kali mno, nani ametengeneza breki za namna hii. Nikatembea mwenyewe kurudi uani, kichwa juu. Nilikuwa nimefika kwenye mlango wa jikoni binti yetu aliposema, "Mama, kiatu chako kinatoka damu."

"Damu gani?" nikasema.

Nikageuka. Kutoka getini mpaka nilipokuwa nimesimama kulikuwa na nyayo za kushoto, nyekundu, moja baada ya nyingine, zimejichapa vizuri juu ya saruji. Mama mkwe akainuka kigodani, akanikalisha mimi. Mume wangu akapiga magoti, akafungua kiatu, na sikuwa na nguvu ya kumzuia. Ncha ya kikanyagio ilikuwa imepita kwenye kiatu mpaka kwenye nyama, chini ya kidole kikubwa. Nilimwacha, nikaangalia pembeni, nikaendelea kumlalamikia mama mkwe habari ya breki.

"Nakuminya," mume wangu akasema.

"Unaminya nini?"

Alikuwa ameukamata mguu wangu kwa mikono yote miwili na anauminya kwa nguvu zake zote. Niliona misuli ya mikono yake imesimama. Niliona, sikusikia. Akauachia taratibu. Akaangalia mguu, akaniangalia mimi, akageuka kuangalia pale ukutani ambapo pikipiki ya zamani ilikuwa ikiegemezwa, na nikaona anaikumbuka fimbo.

"Kwa nini hukuniambia?" akauliza.

"Hukuniuliza."

"Nani angekuuliza wewe?" akasema. Hakupandisha sauti. "Mimi naogopa hata kukuuliza kama chakula kina chumvi."

Hasira zilikuwepo tele, ila sikuona mahali pa kuzipeleka. Nikaomba kitambaa kisafi. Mama mkwe akaosha kidonda, akakifunga, akanidondoshea na maneno yake: kwamba kila nikikataa kukandwa mguu alidhani namdharau. Miaka yote hiyo mama wa watu anadhani namdharau. Nikamwambia mume wangu ainuke, tunakwenda dukani, na aendeshe yeye.

Duka lenyewe lina vyumba viwili, mbele zinauzwa mpya, nyuma kwenye uwanja wa mafuta na vyuma fundi wao anazisafisha za zamani ili ziuzwe tena. Nilipita mbele bila salamu. Pikipiki yangu ilikuwa pale nyuma, imeoshwa, imesimama vizuri. Upande wa kushoto ilikuwa na pedali ya gia inayong'aa. Fimbo ya kaka yangu ilikuwa ndani ya pipa la vyuma chakavu, imekatwa vipande viwili, kile kishikio cha mti kinachungulia juu.

Nilikiokota. Kimekuwa laini kwa mkono wangu wa miaka kumi na mitatu. Nilimgeukia mume wangu na nadhani nilikuwa na sura mbaya sana kwa sababu alirudi hatua moja. Nikamwambia nimemchukia. Nilimaanisha hivyo, kwa dakika ile. Akasema anajua. Akasema amekosea, si kwa kutojua mguu, hilo tumelikosea wote wawili, bali kwa kuchukua kisicho chake. Hakutia neno la kujitetea. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi wa maana, akaninyima.

Muuzaji akaja, mtu wa maneno ya asali. Akaiona mpya imekwaruzwa ubavuni na tabasamu likamkauka. Akasema yeye hafuti biashara, lakini kwa ubinadamu tuchague: turudishiwe ya zamani kama ilivyo, yeye abaki na mpya na kile alichoongeza mume wangu, au tuondoke na mpya. Nikamwambia huo ubinadamu wake aufunge kwa kamba usimtoroke. Kisha nikaketi kwenye tairi kuukuu, nikafikiri.

Ya zamani ilikuwa na pedali sasa, kama zote. Kuichukua maana yake ni kuijengea fimbo upya, halafu nirudi kwenye moshi na mateke ishirini na mkuu wa chuo na upole wake. Mpya maana yake ni kujenga fimbo ileile kwenye pikipiki ambayo haijaharibika kitu. Na hapo ndipo penye kazi. Kwenye chakavu, fimbo ni kiraka, hakuna anayeuliza. Kwenye pikipiki nyekundu yenye nailoni kwenye kiti, kila kituo cha mafuta, kila geti la chuo, mtu atauliza hii ya nini. Niliangalia vile vipande viwili. Kiungo cha chini kilikuwa kama kile cha cherehani ya miguu, kinachobeba mwendo kutoka kwenye pedali kwenda juu. Vya namna hiyo natengeneza kila wiki. Miaka yote nilidhani ni kaka peke yake angeweza, na sikuwahi hata kuinama kuangalia.

Nikasimama. Nikamwambia fundi wao alete chaki na mashine ya kuchomelea, nikaanza kuchora kwenye pikipiki mpya, fimbo ipite wapi na itokee wapi. Alinisikiliza akikuna kichwa. Ni mtu mzima, mpole, hakuwa na nia mbaya.

"Mama, gia ya mkono kwenye pikipiki mpya ya nini?" akauliza. "Mguu si unao?"

Muuzaji alikuwa mlangoni. Wateja wawili walikuwa wamesimama nyuma yake. Mume wangu akaniangalia usoni, akaona nilivyobana midomo, akaingilia upesi.

"Pedali imepinda alipoanguka," akasema. "Tunaweka kiraka tu, mpaka tupate kipuri."

Yeye! Mtu asiyeweza kupaka rangi juu ya ufa. Aliutoa uongo wangu neno kwa neno, kama nilivyompa sebuleni kwetu, na aliutoa ili kunisitiri. Nilisikia hasira zimenijaa mpaka kooni, na kwa mara ya kwanza zilikuwa za kujikasirikia mwenyewe, hazimwendei mtu mwingine.

"Nyamaza," nikamwambia. Nikamgeukia fundi. "Mguu ninao. Hausikii. Tangu nina miaka mitano. Ukinikanyaga sasa hivi sitajua. Ndiyo maana nataka gia mkononi, na sitaki kiraka, nataka uichomelee vizuri, na nitasimama hapa kukuangalia."

Fundi akasema sawa. Ndivyo tu alivyosema, sawa, akavaa miwani yake. Wateja wakarudi kuangalia taa za pikipiki waliyoijia. Miaka kumi na mmoja ya kukagua unyayo bafuni, na watu wakarudi kuangalia taa.

Fimbo ilimaliza kuchomelewa saa kumi na moja. Nilimrudisha fundi mara mbili kwenye kiungo cha chini, na mara ya tatu nilimnyang'anya tupa nikakisugua mwenyewe. Nilikipachika kile kishikio cha mti kichwani. Mume wangu akaomba kopo la rangi kwa muuzaji akaipaka fimbo nyekundu, pole pole, kwa brashi ndogo, mpaka ukadhani imetoka nayo kiwandani. Nilitaka kumkataza. Nikamwacha. Ya zamani tuliiacha pale uwanjani na pedali yake.

Niliendesha mimi, yeye nyuma. Bado nilikuwa na hasira naye, na nilijua zitakuwepo kesho na Jumapili, na nilitaka ajue. Gia ya pili iliingia, ya tatu ikaingia. Tulipofika karibu na lundo la matofali la jirani nikapunguza mwendo, nikaivuta fimbo. Akakohoa nyuma yangu, anakohoa hivyo akitaka kusema kitu akaogopa.

"Ukisimama juu ya mguu ule," akasema, "huwa unasikia nini?"

Jibu kali lilikuwa tayari mdomoni, halijawahi kuchelewa. Nililishikilia hapo kwa mwendo wa nyumba mbili.

"Nasikia goti," nikamwambia. "Chini ya goti hakuna mtu. Kesho niulize tena."